Njia za Elgon: Mlima, Chumvi na Watu Waliotangulia

Mto Suam huanzia ndani ya kreta ya Mlima Elgon, kwenye nyasi zilizolowa baridi, karibu na chemchemi za majimoto zinazofuka mvuke zaidi ya mita 3,500 juu ya usawa wa bahari. Hupasua ukuta wa mashariki wa kreta, hufuata mpaka wa Kenya na Uganda, na huteremka hadi nchi kavu ya Wapokot, ambako hubadili jina na kuitwa Turkwel. Hapo huingia katika korongo jembamba la mawe, ambamo mwaka 1991 ulikamilika ukuta wa bwawa wenye kimo cha mita 153. Kutoka bwawani huvuka mchanga wa Lodwar na kumwaga maji katika Ziwa Turkana. Upande wa kusini wa mlima huohuo, Kuywa na Kibisi hukatiza mashamba ya Bungoma, hujiunga na Nzoia na kwenda Ziwa Victoria. Basi mvua ya mlima mmoja hugawanyika, nyingine ikaelekea jangwani na nyingine kwenye chanzo cha Nili.

Magharibi ya Marekani, watu hufunga mabegi mgongoni na kutembea siku nyingi ili wayaone makorongo ya jangwa na maziwa ya milimani katika safari moja. Kati ya Kitale, Bungoma na Turkana vyote viwili vimeunganishwa na mlima mmoja. Anayepanda kutoka lango la Chorlim, nje ya Endebess, hupita msitu wa mipodo, kisha mianzi, kisha uwanda wa nyasi wenye senesio na lobelia ndefu kuliko mtu, mpaka Koitobos, kilele chenye kichwa bapa cha mita 4,222. Anayepanda kutoka Kimilili kupitia Kapsakwony na Chepkitale hufika kwenye maziwa madogo ya maji baridi yaliyojificha chini ya vilele vya kusini. Upande wa pili wa kreta, yenye upana wa takriban kilomita 8, husimama Wagagai, kilele kirefu kuliko vyote, mita 4,321, katika ardhi ya Uganda.

Vijitabu vya watalii huzitaja njia hizi kana kwamba zilifunguliwa kwa ajili ya wageni. Si kweli. Kila njia ya Elgon ilikanyagwa na mtu au mnyama aliyekuwa na haja yake, na ukiuliza ni nani aliruhusiwa kupita na ni nani alifukuzwa, utakuwa umeuliza habari ya karibu kila jambo kubwa lililoupata mlima huu.

Chumvi ndiyo iliyofungua njia za kwanza. Elgon ni volkano iliyozimika zamani sana, na majivu yake yalishikamana yakawa mwamba wenye chumvi ndani yake. Mvua nyingi huiosha chumvi kutoka kwenye udongo wa juu, hivyo majani ya msituni hayamtoshi mnyama. Mapangoni mwamba hubaki mkavu, na chumvi hubaki ukutani. Pango la Kitum huingia mlimani karibu mita 200. Ndovu huingia humo usiku, katika giza totoro, wakipapasa njia kwa mikonga huku ndama wakiwa katikati yao. Wakifika ukutani hubandua mwamba kwa pembe na kuusaga kwa magego. Kuta za Kitum zimejaa michirizi ya pembe kuanzia mlangoni hadi ndani kabisa, na kazi hiyo, iliyofanywa kizazi baada ya kizazi, imelipanua pango lenyewe. Nyati na pongo huwafuata na kulamba makombo. Makingeny, Chepnyalil na Ngwarisha ni mapango ya ujirani huohuo.

Watu walifanya kama ndovu. Wafugaji wa jamii ya Wasabaot walichimba udongo wa chumvi mapangoni kwa ajili ya ng'ombe wao, na hatari ilipokaribia waliingia humo na mifugo, wakajenga boma ndani ya mlima. Desemba 1883 Mskoti Joseph Thomson, akirudi kutoka Ziwa Victoria, alikuta familia zikiishi mapangoni pamoja na ng'ombe. Akashangaa, na akadhani mapango hayo yalichimbwa na taifa fulani la kale lenye ustaarabu mkubwa. Walioyachimba, kwa sehemu kubwa, walikuwa mbele ya macho yake, wakiwa na majembe yao, na msituni wakiwa na mikonga.

Mapango haya yana upande wa kuogofya pia. Mwaka 1980 na mwaka 1987 wageni wawili waliowahi kuingia Kitum waliugua homa ya Marburg na kufa, na baadaye dalili za virusi hivyo zilipatikana katika popo wala-matunda wa pango hilo. Anayeingia leo asiguse popo wala kinyesi chao, na mwenye kidonda kilicho wazi abaki mlangoni.

Thomson hakufika peke yake. Nyuma yake walikuwa wapagazi wa pwani, watu waliozijua njia za misafara ya pembe za ndovu kutoka Mombasa na Pangani hadi Mumias, na hao ndio walioleta Kiswahili huku kabla hakujawa na shule wala ofisi. Katika Klabu ya Kitale kuna duara la mawe ambalo husimuliwa kuwa hapo ndipo watumwa walikusanywa kabla ya kuanza safari ndefu ya kwenda pwani. Februari 1890 Frederick Jackson na Ernest Gedge, waliotumwa na Kampuni ya Kifalme ya Uingereza ya Afrika Mashariki, walipanda Elgon na kuivuka kreta. Vitabu huwataja hao wawili. Majina ya waliobeba mahema na unga kwenye baridi ile hayakuandikwa, na kwangu huo ni upungufu mkubwa wa masimulizi yote ya upandaji mlima katika nchi zetu.

Miaka mitano baadaye njia za chini ya mlima zilijaa damu. Wabukusu waliishi katika ngome za udongo zilizozungukwa na mahandaki, na walikuwa na bunduki walizozipata kwa wafanyabiashara na kwa askari waliotoroka jeshini. Mwaka 1895 ofisa wa Uingereza Charles Hobley aliwaletea kikosi cha askari wa Kisudani pamoja na wapiganaji wa Mumias, Waganda na Wamaasai. Ngome ya Lumboka ilianguka, kisha Chetambe, juu ya kilima karibu na Webuye ya leo. Bunduki zao, mishale na mikuki vilikutana na bunduki ya Maxim. Mwaka 1902 nchi hii yote, iliyokuwa Mkoa wa Mashariki wa Uganda, ilihamishiwa upande ambao leo ni Kenya, na mpaka ukachorwa kupitia kilele cha Sudek. Ndugu waliokuwa wakichunga pande zote za kreta waliamka wakiwa raia wa nchi mbili.

Kitale ilikua haraka baada ya hapo. Malisho ya Trans Nzoia yaligawanywa kuwa mashamba ya walowezi, mengi yakipewa askari wa Uingereza baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, na reli ikafika mjini mwaka 1926. Mwaka huohuo mlowezi Hugh Stoneham alianzisha jumba lake la makumbusho la vipepeo, ndege na zana za wenyeji, mkusanyiko ambao ndio msingi wa Makumbusho ya Kitale tunayoyaona leo. Nyasi ambazo ng'ombe wa Wasabaot walizila wakati wa kiangazi sasa zilikuwa na seng'enge. Njia ya kupanda mlimani ilibaki wazi, lakini ya kuteremka ilifungwa.

Mwaka 1925 daktari wa nafsi kutoka Uswisi, Carl Jung, alipiga kambi kwenye miteremko ya Elgon. Baadaye aliandika kwamba mganga mmoja mzee alimwambia kuwa tangu Waingereza waje hakuna tena anayeota ndoto za maana, kwa sababu sasa mkuu wa wilaya ndiye anayejua yote. Jung aliyachukua maneno hayo kama habari kuhusu roho. Mimi huyasoma pia kama habari kuhusu ardhi: mtu aliyekuwa akiulizwa ng'ombe wapelekwe wapi, hakuulizwa tena.

Kutoka Kimilili, mchezaji mpira wa zamani aitwaye Elijah Masinde aliukataa utaratibu huo waziwazi. Wafuasi wa dini yake, Dini ya Musambwa, waliuita Elgon Sayuni na wakaupanda kwenda kuomba. Kwao njia ya mlimani ilikuwa njia ya hija. Septemba 1947 Masinde aliongoza maelfu ya watu hadi Chetambe kuwakumbuka waliokufa mwaka 1895. Februari 1948 polisi waliufyatulia risasi umati huko Malakisi, watu 11 wakauawa, na dini hiyo ikapigwa marufuku. Masinde alipelekwa uhamishoni miaka mingi, hadi Lamu, na uhuru ulipokuja bado hakukubaliana na serikali. Alifariki mwaka 1987.

Hifadhi ya Taifa ya Mlima Elgon ilianzishwa mwaka 1968 upande wa Trans Nzoia, ikiwa na kilomita za mraba 169. Imeyalinda mapango na ndovu, na kwa hilo inastahili shukrani. Upande wa Bungoma mambo yalikwenda vibaya. Uwanda wa Chepkitale ni makao ya Waogiek, warina asali na wafugaji wa mlimani. Mwaka 1971 serikali ilianza kuwahamishia wakazi wa juu kwenye mpango wa makazi wa Chebyuk, huko chini. Ugawaji wa mashamba ya huko ulifutwa na kurudiwa mara kadhaa, ukageuka ugomvi, na kutoka humo likazaliwa kundi lenye silaha la SLDF. Machi 2008 jeshi lilianza Operesheni Okoa Maisha. Mashirika ya haki za binadamu yalirekodi mauaji, mateso na watu waliopotea kwa mikono ya pande zote mbili. Katikati ya hayo, mwaka 2000, Chepkitale yenyewe ilikuwa imetangazwa kuwa hifadhi ya wanyama, na waliorudi kwenye nyumba zao wakaitwa wavamizi.

Hawakuondoka. Waliandika sheria zao za kimila, zikiwemo zinazokataza kuchoma makaa na kukata mianzi hovyo, wakaenda mahakamani. Septemba 2022 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Bungoma iliamua kwamba kuigeuza ardhi hiyo kuwa hifadhi bila kuwashirikisha wenyewe kulikuwa kinyume cha sheria.

Hukumu hiyo inamhusu pia anayetaka kutembea. Safari iliyo bora kuliko zote katika eneo hili, kwa maoni yangu, ni ile ya kupanda kutoka Kimilili, kulala Chepkitale, kuyafikia maziwa madogo chini ya vilele, kushuka ndani ya kreta hadi majimoto, kisha kutoka kupitia mkato wa Suam. Inapitia nchi mbili, hivyo vibali vya pande zote vinahitajika, na askari wa wanyamapori pia, maana nyati si wa kuchezewa. Lakini kabla ya vibali, ningemwomba msafiri asimame Laboot, huko Chepkitale, ajitambulishe kwa wazee, amwajiri kijana wa hapo awe kiongozi, na amlipe kiongozi huyo mkononi. Sehemu ya ada ya mlima ilipaswa kuingia katika mfuko wa Chepkitale tangu zamani. Hadi serikali ya kaunti na Shirika la Wanyamapori watakapokubaliana na wenyeji kuhusu hilo, malipo hayo ya mkononi ndiyo njia ya haki iliyopo.