Kabla ya kununua pampu ya bwawa la samaki: niliyojifunza Migori na Homa Bay

Dada yangu ameolewa Rongo, kaunti ya Migori. Mumewe alipochimba bwawa la samaki, mtu wa kwanza kumpigia simu alikuwa mimi, maana anajua huku Kilifi nimeshughulika na pampu za mashamba kwa miaka. Nikamjibu haraka haraka: "Shemeji, tafuta ya petroli ya inchi 2, itakutosha." Akanunua. Injini ikanguruma, mpira ukatetemeka, maji hayakupanda. Na vifaranga 1,000 vya ngege alikuwa ameshaviagiza na kuvilipia.

Nilipanda basi nikiamini ameuziwa pampu mbovu. Nilipofika nikakuta pampu ni nzima. Kosa lilikuwa langu, na naliandika hapa kwa sababu wasomaji wengi wa Pwani wana ndugu, wakwe au mashamba bara, na ushauri wetu wa simu unaweza kumtia mtu hasara.

Pampu haivuti maji popote utakapo

Shemeji alikuwa ameweka pampu juu kabisa ya ukingo wa mto, mita 8 kutoka usawa wa maji, akihofia mafuriko. Boksi lake liliandikwa kwamba inavuta mita 8, kwa hiyo hakuona tatizo.

Ukweli ni kwamba pampu ya juu ya ardhi haiyavuti maji kwa nguvu zake. Inaondoa hewa ndani ya mpira, kisha uzito wa hewa ya nje ndio unaoyasukuma maji kupanda. Usawa wa bahari, hewa hiyo inaweza kuinua maji zaidi kidogo ya mita 10, na hapo hujatoa hasara za mpira na pampu yenyewe. Rongo iko zaidi ya mita 1,400 juu ya bahari. Hewa ya huko ni nyepesi, na kikomo hushuka chini kidogo ya mita 9. Ukitoa hasara, zinabaki 5 au 6 za kutegemea. Hata Ziwa Victoria lenyewe liko zaidi ya mita 1,130 juu ya bahari, kwa hiyo wa Mbita na Kendu Bay nao wasiitegemee ile 8 ya kwenye boksi.

Injini nayo hupungukiwa. Injini ya petroli hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300 unazopanda. Pampu iliyofanya kazi vizuri Malindi, ikifika Rongo imepoteza zaidi ya sehemu moja kwa kumi ya nguvu zake.

Tulichonga kidato kwenye ukingo, tukaishusha pampu hadi mita 3 juu ya maji. Tukaijaza maji kabla ya kuiwasha, tukakaza viungo vyote vya mpira wa kuvutia, kwa sababu tundu dogo la kupitisha hewa linatosha kuharibu kazi yote. Maji yakapanda. Kila jioni pampu hubebwa nyumbani, maana Mto Kuja hujaa ghafla wakati wa masika, na wezi nao hawalali.

Pima urefu, kisha pima paipu

Jambo la pili ni urefu wote, kuanzia uso wa maji ya mto hadi mdomo wa paipu bwawani. Kwa shemeji ulikuwa mita 18. Juu yake kuna hasara ya msuguano ndani ya paipu, na hapa ndipo wengi wanapoumia bila kujua.

Paipu yake ilikuwa na urefu wa mita 120, inchi 2. Ukipitisha humo lita 15,000 kwa saa, msuguano peke yake unakula karibu mita 11, kana kwamba bwawa limehamishiwa juu ya mlima mwingine. Weka paipu ya inchi 3 kwa umbali uleule, na hasara inakuwa chini ya mita 2. Kwa hesabu yangu, pampu yake ya inchi 2 ingejaza bwawa kwa saa 27 hadi 30 kupitia paipu nyembamba, na saa 18 hadi 20 kupitia paipu pana. Pampu ya aina hiyo hunywa lita 1 hadi 1.5 ya petroli kwa saa, kwa hiyo faida ya paipu pana utaiona kwenye kituo cha mafuta.

Hesabu mbili za maji

Bwawa lake ni la mita 15 kwa 20, yaani mita 300 za mraba. Ndicho kipimo kilichoenea Kenya tangu serikali ilipofadhili mabwawa kupitia mpango wa kuchochea uchumi wa 2009. Likiwa na kina cha wastani cha mita 1, linachukua lita 300,000. Hiyo ni hesabu ya kwanza, na watu wengi huishia hapo.

Hesabu ya pili ni ya maji yanayopotea. Jua na upepo huondoa kama milimita 5 kwa siku wakati wa kiangazi, na udongo mzuri wa mfinyanzi hunywa milimita 5 hadi 10. Kwa bwawa hilo ni lita 3,000 hadi 4,500 kila siku. Miezi miwili bila mvua inakula lita 180,000 hadi 270,000, karibu bwawa zima upya. Mabwawa mengi ya wakati ule yaliachwa, na moja ya sababu ni maji: siku ya kujaza palikuwa na shangwe, siku ya kuongeza hapakuwa na mafuta.

Kwa hiyo ushauri wangu wa sasa ni huu: pampu kubwa ya kujazia ikodi, au mnunue kwa kikundi, kwa sababu utaihitaji siku mbili kwa msimu. Pesa zako weka kwenye pampu ya kuongezea, ile utakayoitumia kila wiki. Pampu ya sola inayotoa lita 1,500 kwa saa inaonekana dhaifu, na ukiitegemea ijaze bwawa hilo kwa saa 6 za jua itachukua zaidi ya mwezi. Lakini maji ya siku inayapata kwa saa 2 au 3 bila tone la petroli. Pampu ya kukanyaga kwa miguu pia inafaa kuongezea bwawa dogo, ilimradi nyumba ina vijana.

Kabla ya yote, chomeka kijiti chenye alama bwawani na ukisome kila asubuhi siku ambazo hakuna mvua. Maji yakishuka sentimita 2 au zaidi kwa siku, unapoteza lita 6,000 na kuendelea. Ziba bwawa kwanza kwa udongo wa mfinyanzi au karatasi ya plastiki. Hakuna pampu inayotibu bwawa linalovuja.

Mto, ziwa na kisima

Kando ya mito ya Migori, tatizo kubwa ni urefu. Tafuta pampu yenye nguvu ya kupandisha, hata kama haitoi maji mengi.

Ufukweni Homa Bay, mashamba mengi ni tambarare na bwawa liko mbali kidogo. Hapo pampu ya inchi 3 yenye paipu pana inafaa. Usiijengee nyumba ya saruji ukingoni: mwaka 2020 ziwa lilipanda likafunika fukwe na majumba. Mdomo wa mpira uvalishe kichungi, kwani gugumaji huziba. Na kule bwawani pitisha maji kwenye wavu wenye matundu madogo, la sivyo mayai na vifaranga vya kambare wataingia na kula wale uliowanunua.

Ndhiwa na sehemu za ndani, wengi hutegemea kisima. Usinunue pampu inayozidi uwezo wa kisima kujijaza. Itavuta hewa na kuungua. Pampu ya kuzamishwa, ya umeme au sola, ndiyo inayofaa. Kamwe usiteremshe pampu ya petroli ndani ya kisima ili kuisogeza karibu na maji. Moshi wake hauna pa kutokea, na aliyeshuka kuizima huenda asipande tena.

Dukani na ofisini

Usimuulize muuzaji pampu ni ya farasi wangapi. Mwambie: "Nina urefu wa mita 20 pamoja na msuguano. Itanipa lita ngapi kwa saa hapo?" Namba mbili kubwa za kwenye boksi, lita nyingi kabisa na urefu mkubwa kabisa, hazipatikani kwa wakati mmoja, ukifika ule urefu wa mwisho, maji ni sufuri. Mwombe mchoro unaoonyesha lita kwa kila urefu. Asipokuwa nao, nenda duka jingine. Uliza pia vipuri vinapatikana wapi, Rongo, Homa Bay au mpaka Kisumu.

Na ukivuta maji ya mto au ziwa kwa mashine, unahitaji kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji chini ya Sheria ya Maji ya 2016. Lishughulikie mapema, kabla jirani wa chini hajalalamika kwamba mto umepungua.

Vifaranga vya shemeji vilichelewa wiki tatu, na akiba yake ya petroli ikaisha kabla ya mavuno. Sasa ana sola ndogo, na anapohitaji kujaza hukodi. Juzi dada aliniambia kwa simu kwamba kiangazi kimekuwa kikali lakini alama ya kijiti haijashuka. Haba na haba hujaza kibaba, na hulinda bwawa pia.