Mpunga Ulivyofika Maniema

Sisi watu wa Kindu twala wali na sombe kana kwamba wazee wetu walikula hivyo tangu mwanzo. Sivyo. Wao walikula ndizi, muhogo na mahindi. Mpunga ulikuwa mmea mgeni.

Asili yake ni Asia. Ulivuka Bahari ya Hindi kwa majahazi hata pwani yetu ya mashariki, kisha misafara ya Waarabu na Waungwana ikauleta bara: Tabora, Ujiji, ng'ambo ya Tanganyika, mpaka Nyangwe na Kasongo. Ndugu zetu wa Kinshasa huuita loso, jina lililotokana na neno la Wareno, arroz. Sisi twasema mchele, na jina hilo laonyesha mlango tulioupokelea.

Lakini tusisahau walioubeba. Katika soko la Nyangwe, tarehe 15 Julai 1871, watu wa wafanyabiashara hao walipiga bunduki wanawake waliokuja kuuza vyakula. Mamia walikufa, wengi wakizama mtoni. Livingstone aliyaona kwa macho yake. Stanley alipofika huko mwaka 1876, alikuta bonde katikati ya mji limepandwa mpunga. Jembe lilikuwa mikononi mwa watumwa. Watu wengine husema Waarabu walitufundisha kulima! Tuseme kweli: walileta mbegu, jasho lilikuwa letu.

Wabelgiji waliwashinda Waarabu katika vita vya 1892 hadi 1894, ila mpunga hawakuung'oa. Kwa amri ya mwaka 1917 walilazimisha wanavijiji kulima mazao waliyoyachagua wao, hata siku 60 kwa mwaka. Wakati wa vita, mwaka 1942, zikawa 120. Aliyekataa aliadhibiwa. Ndiyo sababu wazee wengine hawakuupenda mpunga, ingawa waliula.

Hata hivyo kazi yenyewe waliijua vizuri. Hapa hapahitajiwi majaruba ya maji: msitu hukatwa na kuchomwa, mvua zikianza mbegu chache hutiwa katika kila kishimo, na watoto hukaa shambani kufukuza ndege. Baada ya miezi minne au mitano huvunwa kwa kisu, suke kwa suke. Mmea huu hufa ukiisha kuzaa, si kama mgomba. Nyumba iliyokula mbegu yake yote haina shamba mwaka ujao. Kwa hiyo mama hutenga masuke mazuri mapema, akayatundika juu ya moshi wa jiko, mahali ambapo watoto hawafiki.