Gebrüder Bing

Gebrüder Bing (maana yake "Ndugu Bing") ilikuwa kampuni ya Ujerumani iliyotengeneza vyombo vya bati na vitu vya kuchezea katika mji wa Nürnberg, Bavaria. Ilianzishwa katika miaka ya 1860 na kufilisika mwaka 1932. Mwanzoni mwa karne ya 20 ilihesabiwa kuwa kampuni kubwa kuliko zote duniani katika kutengeneza vitu vya kuchezea. Siku hizi inakumbukwa hasa kwa treni zake ndogo za bati, zilizoendeshwa kwa springi, kwa mvuke au kwa umeme. Wakusanyaji wa Ulaya na Marekani bado wanazitafuta, ingawa imepita zaidi ya miaka 90 tangu kiwanda kilipokoma kuzitengeneza.

Mji wa Nürnberg

Nürnberg ulikuwa mji wa mafundi wa chuma na bati kwa karne nyingi kabla ya kuwepo treni yoyote. Tena ni katika mji huohuo kwamba reli ya kwanza ya Ujerumani ya kubeba abiria kwa garimoshi ilifunguliwa, tarehe 7 Desemba 1835. Njia ilikuwa na urefu wa kilomita 6 hivi, ikaenda hadi mji jirani wa Fürth. Kichwa cha treni kiliitwa Adler, yaani "Tai", na kilinunuliwa Uingereza kutoka karakana ya Stephenson mjini Newcastle, kwa sababu Wajerumani walikuwa hawajaanza kutengeneza vya kwao.

Mafundi wa vichezeo hawakukawia kuiga kile walichokiona. Treni zao za kwanza hazikuwa na reli. Mtoto alizivuta kwa kamba au kuzisukuma sakafuni. Zilikuwa vipande vya bati vyenye magurudumu, na mtu mzima hakuwa na sababu ya kuzitazama mara mbili.

Chanzo cha kampuni

Ndugu Ignaz Bing na Adolf Bing walitoka katika familia ya Kiyahudi. Walianza kama wafanyabiashara wa jumla wa vyombo vya jikoni na bidhaa nyingine za bati. Baadaye waliona faida zaidi katika kuvitengeneza wenyewe kuliko kununua kwa mafundi wadogo, na karibu na mwaka 1880 wakaongeza vitu vya kuchezea. Hatua hiyo si ya ajabu kama inavyoonekana, kwa kuwa mashine inayokata na kukunja bati la sufuria inaweza pia kukata na kukunja bati la behewa.

Mwaka 1895 biashara ikawa kampuni ya hisa. Maelfu ya watu walifanya kazi ndani yake, na orodha ya bidhaa ilikuwa ndefu: meli za kuogelea kwenye beseni, motokaa, injini ndogo za mvuke, mashine za kuonyesha picha ukutani, baadaye hata mashine ya kuandikia ya bei nafuu kwa wanafunzi. Kampuni ilitengeneza pia dubu wa manyoya, na hao wakaleta ugomvi na kampuni ya Steiff, iliyokuwa na desturi ya kuwatia dubu wake alama sikioni na haikupenda kuona alama ya mwingine mahali palepale.

Ignaz Bing alikuwa pia mpenzi wa milima na mapango. Mwaka 1905 aligundua pango la mawe ya chokaa karibu na kijiji cha Streitberg, kaskazini mwa Nürnberg, ambalo hadi leo linaitwa Binghöhle, yaani "Pango la Bing", na hutembelewa na watalii.

Jinsi treni zilivyotengenezwa

Bati ni chuma chembamba kilichopakwa stani ili kisishike kutu. Katika kiwanda cha Bing liliwekwa kwanza kwenye mashine za kukata na kukandamiza, zikatoka sehemu za behewa: ubavu, paa, milango, ngazi. Sehemu hizo ziliunganishwa kwa njia mbili. Kwa bidhaa ghali zililehemiwa. Kwa bidhaa za bei ya chini ziliachiwa vijino vidogo pembezoni. Kila kijino kilipitishwa katika tundu la sehemu ya pili na kukunjwa. Anayeshika treni ya zamani anaweza kutambua daraja lake kwa kuigeuza tu na kutazama chini yake.

Rangi nazo zilikuwa za namna mbili. Zile za mwanzo zilipakwa kwa mkono, safu juu ya safu, pamoja na mistari myembamba ya dhahabu au nyekundu iliyovutwa kwa brashi. Kazi hiyo katika viwanda vya Nürnberg ilifanywa sana na wanawake. Baadaye ilienea lithografia, ambamo picha nzima ya behewa ilichapwa kwenye bati likiwa bado tambarare, kabla ya kukatwa na kukunjwa. Kwa njia hii madirisha, vitasa, nembo na hata abiria waliokaa ndani vilionekana kwa ukamilifu ambao brashi isingeweza kuufikia kwa bei ile.

Treni nyingi zilikwenda kwa springi iliyokazwa kwa ufunguo, kama saa ya mezani. Nyingine zilikuwa na boila halisi: mtoto alitia maji, akawasha taa ya spiriti chini yake, akangoja mvuke upande. Taa hiyo iliunguza rangi ya treni yenyewe mara kwa mara. Kwa hiyo garimoshi la spiriti lenye rangi safi kabisa ni lile ambalo mwenyewe hakulichezea, au lililopakwa rangi upya. Umeme nao uliingia mapema. Baadhi ya seti za umeme za Kijerumani za wakati ule zilichukua umeme wa nyumbani kupitia balbu iliyopunguza nguvu yake, huku reli zikiwa wazi sakafuni. Zilikuwa za hatari kweli.

Kitu kilichozifanya treni ziwe zaidi ya kichezeo kimojakimoja ni kipimo cha njia. Mwaka 1891 kampuni ya Märklin kutoka mji wa Göppingen ilionyesha katika maonyesho ya biashara ya Leipzig reli za mfano zilizounganishwa kuwa umbo la namba nane, pamoja na vipimo vya upana vilivyopewa namba. Bing na wengine wakafuata. Kipimo namba 1 kina upana wa milimita 45 kati ya reli na reli, na kipimo namba 0 milimita 32. Kwa kulinganisha, reli ya kawaida ya Ulaya, sawa na reli mpya za SGR za Kenya na Tanzania, ina milimita 1,435. Basi kipimo namba 1 ni karibu sehemu moja ya 32 ya reli yenyewe. Tangu hapo mzazi aliweza kununua seti ndogo mwaka huu, na mwaka ujao kuongeza behewa, stesheni au daraja, akijua kwamba vitaafikiana.

Uhusiano na Uingereza

Katika Maonyesho ya Dunia ya Paris ya mwaka 1900, mfanyabiashara Mwingereza Wenman Joseph Bassett-Lowke wa mji wa Northampton aliziona treni za Kijerumani akavutiwa na ufundi wake. Lakini hazikufanana na treni alizozijua kwao. Yeye alitaka treni ndogo inayofuata umbo, rangi na nembo za kampuni halisi za reli za Uingereza, hata mtu anayesafiri kila siku aweze kuitambua. Stephan Bing, mwana wa Ignaz, alikubali. Michoro ilitoka Uingereza, mingi ikiwa kazi ya mhandisi Henry Greenly, na treni zikatengenezwa Nürnberg. Mojawapo inayojulikana sana ni "George the Fifth" ya kampuni ya reli ya London and North Western.

Ushirikiano huu ulibadilisha tabia ya bidhaa yenyewe. Treni ya kuchezea ikaanza kuwa treni ya mfano, na wanunuzi wakawa pia watu wazima.

Mwaka 1922 walitoa pamoja reli ya mezani yenye upana wa milimita 16, nusu ya kipimo namba 0. Iliingia kwenye kasha dogo na kutandazwa juu ya meza ya kulia chakula, jambo muhimu kwa familia za mjini zisizo na chumba cha ziada. Reli zake zilikaa juu ya tuta la bati, na stesheni zake zilikuwa zimechapwa matangazo na abiria ukutani. Mwanzoni ilitumia springi, halafu umeme ukaongezwa. Ni mtangulizi wa vipimo vya H0 na 00 vya milimita 16.5, ambavyo leo hutumiwa na wapenzi wengi wa reli za mfano. Kati ya yote yaliyotoka kiwandani Bing, pengine hili ndilo lililoacha athari ndefu zaidi, ingawa wakusanyaji hulipa zaidi kwa magarimoshi makubwa.

Kuanguka

Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia (1914–1918) ilikata njia ya kwenda Uingereza na Marekani, masoko makubwa ya vichezeo vya Kijerumani. Ignaz Bing alifariki mwaka 1918, na Stephan akashika uongozi. Mwaka 1919 kampuni ilichukua jina la Bing Werke, yaani "Viwanda vya Bing", ikawa shirika lenye matawi mengi. Huko Marekani viwanda vya huko vilikuwa vimeziba nafasi iliyoachwa wazi wakati wa vita, na sheria ya ushuru wa forodha ya mwaka 1922 ilipandisha bei ya vichezeo kutoka nje. Mwaka 1923 pesa ya Ujerumani iliporomoka hata mshahara wa asubuhi ukapoteza thamani ifikapo jioni.

Stephan Bing aliondoka katika kampuni mwaka 1927. Msukosuko wa uchumi wa dunia ulioanza mwaka 1929 ulimaliza kilichobaki, na mwaka 1932 kampuni ikawa mikononi mwa wafilisi. Sehemu za biashara ziliuzwa mbalimbali. Mashine na mali za treni zilikwenda hasa kwa Karl Bub, kampuni nyingine ya Nürnberg, na hii nayo ilifunga katika miaka ya 1960.

Mara nyingi habari za treni za Bing huishia hapo, kana kwamba uchumi peke yake ulieleza yote. Stephan Bing alikuwa ameanza upya mjini humohumo. Pamoja na washirika wake alinunua kiwanda kidogo cha vichezeo kilichokuja kuitwa Trix, na mwaka 1935 kikatoa Trix Express, reli ya umeme iliyoruhusu treni mbili kuendeshwa kila moja peke yake kwenye njia moja. Aina yake ya Uingereza, Trix Twin, ilitengenezwa Northampton kwa ushirikiano na Bassett-Lowke yuleyule. Lakini mwaka huohuo wa 1935 Wanazi walitangaza, katika mkutano wao wa Nürnberg, sheria zilizowanyima Wayahudi uraia kamili. Mwaka 1938 wamiliki wa Trix walilazimika kuuza, na Stephan Bing alihamia Uingereza. Doll & Co., kampuni ndogo ya Nürnberg yenye asili ya Kiyahudi pia, ilichukuliwa mwaka huohuo wa 1938 na kampuni ya Fleischmann.

Kwa hiyo kiwanda kilikufa kwa madeni, ila familia iliyokijenga iliondolewa mjini kwa sababu nyingine kabisa. Mambo haya mawili yasichanganywe, wala la pili lisiachwe.

Kumbukumbu na ukusanyaji

Hamu ya treni hizi ilikua hasa baada ya Vita Kuu ya Pili, wakati plastiki iliposhika nafasi ya bati na watoto wa miaka ya 1910 na 1920 walipokuwa watu wazima wenye fedha. Wengi wao walisema kwamba vitu vya siku zile vilitengenezwa vizuri kuliko vya baadaye. Usemi huo una ukweli, kwani springi ya Bing iliyotunzwa bado inazunguka baada ya miaka 100 na mistari ya dhahabu bado inaonekana. Hata hivyo Bing iliuza kwa kila mfuko. Sehemu kubwa ya bidhaa zake ilikuwa treni nyepesi za bei ndogo, zilizopinda, zikashika kutu na kutupwa. Zilizobaki kwenye kabati za vioo ni zile ghali, zilizonunuliwa na familia zilizokuwa na nafasi ya kuzihifadhi. Anayepima kiwanda kwa hizo tu anakipima kwa bidhaa zake bora.

Treni za Bing hutambuliwa kwa alama yake. Herufi GBN (Gebrüder Bing Nürnberg) huonyesha bidhaa za zamani, na herufi BW (Bing Werke) zile za miaka ya 1920. Kasha la asili huongeza thamani. Kupaka rangi upya huipunguza, hata kazi ikiwa nzuri.

Mifano inaonekana katika Makumbusho ya Vichezeo ya Nürnberg, yaliyofunguliwa mwaka 1971, na katika makumbusho ya vichezeo ya Brighton, Uingereza. Jina la Trix bado lipo sokoni. Tangu mwaka 1997 ni mali ya Märklin, mshindani wa zamani wa Bing. Jina la Bing lenyewe halionekani tena kwenye treni mpya, lakini mafundi wa pikipiki za BMW na wa ndege ndogo zenye injini za Rotax wanalijua vema kwa sababu tofauti: tawi la viwanda hivyo lililotengeneza kabureta liliendelea chini ya wamiliki wengine, na kabureta za Bing zimefungwa katika injini hizo kwa miaka mingi.