Civita: Kijiji cha Italia kinachomegwa na mvua

KIJIJI cha Civita di Bagnoregio, kilicho katika mkoa wa Lazio, takriban kilomita 120 kaskazini mwa jiji la Roma, ni miongoni mwa vijiji vidogo vinavyojulikana mno nchini Italia. Umaarufu huo hautokani na ukubwa wala utajiri wake, bali unatokana na hatari inayokikabili: ardhi ambayo kimejengwa juu yake hupungua mwaka baada ya mwaka.

Wakazi wa kudumu hawazidi watu kumi hivi. Hata hivyo, kabla ya janga la korona kijiji hicho kilikuwa kikipokea wageni mamia ya maelfu kila mwaka.

Civita imekaa juu ya jabali lililosimama pekee katikati ya bonde pana, takriban mita 440 kutoka usawa wa bahari. Mito miwili midogo, Rio Chiaro na Rio Torbido, hupita chini yake, mmoja kila upande. Magari hayafiki huko. Njia ya pekee ya kuingia ni daraja jembamba la waenda kwa miguu lenye urefu wa takriban mita 300.

Chanzo cha masaibu ya kijiji hiki ni maumbile ya ardhi yenyewe. Tabaka la chini ni udongo wa mfinyanzi uliojikusanya zama za kale, eneo hilo lilipokuwa limefunikwa na bahari. Juu yake kuna mwamba uliotokana na jivu la volkano zilizolipuka karibu na mahali palipo sasa Ziwa Bolsena.

Mwamba huo wa juu ni mgumu kiasi cha kubeba nyumba, lakini udongo ulio chini yake huchukuliwa kwa urahisi na maji ya mvua na ya mito. Udongo unapoondoka, mwamba hukosa egemeo, hupata nyufa na hatimaye kukatika vipande vipande na kuporomoka bondeni. Vilima vikavu vyenye kingo kali vinavyoizunguka Civita, ambavyo Waitaliano huviita calanchi, ni ushahidi wa mmomonyoko huohuo.

Mji huo ulianzishwa na Waetruska, watu walioishi katikati mwa Italia kabla ya enzi ya Warumi, yapata miaka 2,500 iliyopita. Waliacha mapango na mashimo waliyochimba mwambani, ambayo vizazi vilivyofuata viliyageuza kuwa maghala ya divai na vinu vya kukamulia mafuta ya zeituni.

Katika karne ya 13, eneo hilo lilimzaa Giovanni di Fidanza, anayejulikana zaidi kama Mtakatifu Bonaventura. Mwanateolojia huyo aliongoza Shirika la Wafransisko kuanzia mwaka wa 1257, akateuliwa kadinali mwaka wa 1273, na kufariki mwaka uliofuata mjini Lyon, Ufaransa. Nyumba inayosemekana alizaliwa ndani yake iliporomoka zamani pamoja na ukingo wa jabali.

Pigo kubwa zaidi lilikuja mwezi Juni mwaka wa 1695, wakati tetemeko la ardhi lilipobomoa majengo mengi. Makao ya askofu na ofisi za utawala zilihamishiwa Bagnoregio, mji jirani uliokuwa salama zaidi. Watu wengi walifuata, na tangu hapo Civita haikurejelea hadhi yake ya awali.

Wakati wa Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, daraja lililokuwapo lililipuliwa na majeshi ya Ujerumani. Daraja la saruji linalotumika leo lilikamilika mwaka wa 1965. Mwandishi Bonaventura Tecchi, mzaliwa wa Bagnoregio aliyefariki mwaka wa 1968, ndiye aliyekipa kijiji hicho jina la "mji unaokufa."

Jina hilo la huzuni limegeuka kuwa kivutio. Wageni huja kutazama lango la kale la Santa Maria, kanisa la San Donato lililo kwenye uwanja wa kati, pamoja na mashindano ya punda yanayofanyika uwanjani humo mwezi Juni na Septemba.

Mwaka wa 2013 baraza la mji wa Bagnoregio lilianza kutoza kiingilio cha euro 1.50, ambacho baadaye kilipanda hadi euro 5. Fedha hizo zimewapunguzia wakazi wa Bagnoregio mzigo wa kodi na kuzalisha ajira katika mikahawa na nyumba za wageni.

Lakini faida hiyo ina upande wa pili. Nyumba nyingi za Civita sasa ni za wageni au za matajiri wanaokuja kupumzika mara mojamoja, na maisha ya kawaida ya kijiji yamebaki kwa wachache mno.

Wahandisi nao wanaendelea kufunga kingo za jabali kwa vyuma na kuelekeza upya maji ya mvua. Kazi hizo hupunguza kasi ya mmomonyoko, ila haziwezi kuukomesha. Wahenga walisema kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Huko Civita, ufa usipozibwa hapatasalia hata mahali pa kuujenga ukuta huo.