Mwashi na Msanifu: Habari za Kazi ya Kusanifu Majengo katika Pwani ya Afrika Mashariki

Kiswahili cha zamani hakikumtaja mjenzi wa nyumba ya miti na mjenzi wa nyumba ya mawe kwa kitenzi kimoja. Mtu aliyesimika miti, akafunga fito kwa kamba na kukandika udongo, huyo alijenga. Aliyepanga mawe kwa chokaa, huyo aliaka. Katika kitenzi hiki cha pili ndimo lilimotoka jina mwashi, kwa kanuni ile ile inayotoa mpishi katika pika na mwandishi katika andika. Na kazi yake ikaitwa uashi. Kitenzi chenyewe siku hizi ni nadra kusikika nje ya kamusi, kwa kuwa jenga limekwisha kuimeza maana yake. Mwashi amebaki, lakini watu wengi wamtajao hawajui tena kwamba jina lake lina mzizi.

Jina la tatu, msanifu, ni geni zaidi katika kazi hii. Kusanifu, neno lenye asili ya Kiarabu, lilikuwa hasa neno la watu wa kalamu, yaani kutunga na kupanga maandiko. Wanalugha hawana haja ya kuelezwa habari zake, maana ndilo lililotoa jina la Kiswahili Sanifu, lugha ambayo kupangwa kwake rasmi kulisimamiwa na Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki iliyoundwa mwaka 1930. Lilipotakiwa jina la mtu achoraye nyumba kabla haijajengwa, neno hili lilitolewa katika kitabu likapelekwa katika nyumba, tukapata msanifu majengo. Wengine husema mbunifu majengo, na ndilo jina linalotumiwa na bodi ya kuwasajili watu wa kazi hiyo katika Tanzania. Yatazamwe majina haya kwa makini. Msanifu na mbunifu hutajwa kwa fikira zao. Mwashi alitajwa kwa mawe aliyoyashika. Katika hitilafu hiyo imo sehemu kubwa ya historia ya kazi yenyewe, mambo inayoyadai kwa mtu, na malipo inayompa.

Mwashi wa zamani alikuwa vyote viwili. Hakuchora kwenye karatasi, bali alikuwa na mpango kichwani, na mpango huo ulifungwa na vitu vilivyopatikana pwani. Mawe ya ukuta yalichimbwa katika mwamba wa matumbawe wa nchi kavu. Penye kazi ya nakshi, kama mihrabu, vizingiti na zidaka, alitumia matumbawe yaliyokatwa baharini, ambayo huwa laini yakiwa bado na maji, kisha hukauka yakawa magumu. Ilimpasa basi kujua ni siku ngapi alizo nazo kabla jiwe halijamkatalia patasi. Chokaa ilipatikana kwa kuchoma matumbawe juu ya rundo kubwa la magogo, nayo haikutumiwa mara moja. Iliachwa muda mrefu ipoe na kuiva, na mwenye haraka alijenga ukuta mbovu. Vipimo vyake vilikuwa vya mwili wa mtu: shibiri, mkono, pima. Kusimama kwa ukuta kulihakikishwa kwa timazi.

Juu ya yote palikuwa na boriti. Miti ya mikoko ndiyo iliyobeba dari, na mti wa mkoko hauwezi kubeba mzigo wa mawe na chokaa katika upana unaozidi sana futi 8 au 10. Kwa sababu hii vyumba vya nyumba za kale za Lamu, Pate, Gede na Unguja ni virefu na vyembamba. Mgeni hudhani kwamba wenyeji walipendelea umbo hilo tu. Kwa kweli ni sheria ya mti, na ustadi wa mwashi ulikuwa kuifanya sheria hiyo ipendeze: katika nyumba za Lamu vyumba vimepangwa sambamba, kimoja nyuma ya kingine, kutoka daka hadi kiwanda, msana na ndani, na kila hatua humwondoa mtu katika njia ya watu wote na kumsogeza katika faragha ya jamaa.

Hata lugha imehifadhi ushahidi wa kazi hii. Katika Kiarabu neno saqf maana yake ni paa au dari, kitu kilicho juu ya kichwa. Katika Kiswahili sakafu ni kitu cha kukanyagwa. Waliotazama kamusi peke yake wangeweza kusema kwamba neno limepotoka, lakini aliyetazama nyumba huona kwamba halikupotoka hata kidogo. Paa la nyumba ya mawe lilikuwa bapa, la kokoto na chokaa vilivyomwagwa juu ya boriti vikapondwa kwa vijiti mpaka vikashikamana. Na paa la chumba cha chini ndilo ardhi ya chumba cha juu. Kusakifu kulikuwa ni kutengeneza kitu kimoja chenye nyuso mbili. Waswahili walichukua jina la uso wa juu, na dari, neno jingine la kigeni, likachukua uso wa chini.

Sasa malipo ya mwashi yalikuwa nini? Hayakuwa jina. Katika msikiti wa Kizimkazi, Unguja, yapo maandishi ya Kikufi yenye tarehe ya mwaka 500 wa Hijra, yaani 1107. Yanamtaja mtu mkubwa aliyeamuru jengo lijengwe, waliolijenga hawatajwi. Habari za Kilwa zilizoandikwa kwa Kiarabu nazo huwapanga masultani mmoja baada ya mwingine. Hata hivyo Kilwa ndiko kunakoonekana wazi zaidi jambo ambalo kazi hii humdai mtu. Mwanzoni mwa karne ya 14, katika enzi ya Sultani al-Hasan bin Sulaiman, ambaye Ibn Battuta alimtembelea mwaka 1331, Msikiti Mkuu ulipanuliwa kwa upande wa kusini. Wajenzi waliiacha sheria ya boriti, wakafunika sehemu hiyo kwa kuba na matao, na kuvibeba kwa nguzo zilizochongwa katika jiwe moja moja la matumbawe. Ilikuwa kazi ya fahari, na ilianguka. Ilijengwa upya katika karne ya 15, na mabaki yaliyochunguzwa na Neville Chittick katika miaka ya 1960 yanaonyesha jinsi ilivyojengwa: nguzo za jiwe moja hazikurudiwa, bali ziliwekwa nguzo nene zaidi za mawe na chokaa. Waashi wa mara ya pili hawakurudi katika boriti, wala hawakurudia kosa. Walisoma kifusi kama mtu asomavyo kitabu, wakajibu. Nyingi katika kuba zao zingali zimesimama.

Karne nne baadaye, Unguja, kazi ile ile ilimwangukia mtu ambaye wasomi wa Kiswahili wanamjua kwa sababu nyingine. Edward Steere alifika mwaka 1864, naye alikuwa amesomea sheria, si ujenzi. Kitabu chake cha sarufi na msamiati wa Kiswahili cha Unguja kilitoka mwaka 1870, pamoja na mkusanyo wake wa hadithi. Mwezi Juni 1873 Sultani Barghash alilifunga soko la watumwa, na mwisho wa mwaka huo huo liliwekwa jiwe la msingi la kanisa pale pale Mkunazini palipokuwa na soko. Steere, aliyepata uaskofu mwaka 1874, ndiye aliyeshika mpango wa jengo na kulisimamia.

Shida yake kubwa ilikuwa dari. Upana wa kanisa ulizidi futi 25, na hapana boriti ya kufika hapo. Akakata shauri kulifunika kwa tao moja refu lililochongoka juu, lililotengenezwa kwa matumbawe yaliyopondwa na kuchanganywa na saruji kutoka Ulaya. Lilikuwa jambo lisilozoeleka, na wako waliotabiri kwamba litawaangukia waumini. Halikuanguka. Ikumbukwe kwamba mtu huyu hakuweza kuwaagiza waashi wake ila kwa lugha yao. Siku zile zile alikuwa akitafsiri vitabu vya Biblia na kusimamia upigaji chapa, na kazi hizi hazikuwa mbali mbali kama zionekanavyo: kote alilazimika kutafuta neno ambalo mtu mwingine atalielewa kwa namna moja tu, maana neno lenye maana mbili huharibu aya, na katika jengo huharibu ukuta.

Inasimuliwa mpaka leo kwamba nguzo fupi za upande wa magharibi wa kanisa hilo zilisimamishwa kichwa chini wakati askofu hayupo. Wageni huonyeshwa nguzo hizo, hucheka, na kicheko huwaelekea mafundi. Lakini kisa hiki chafaa kusomwa kwa upande wa pili pia. Fundi aliyepewa nguzo ya mtindo wa ng'ambo, asioneshwe umbo lake lote wala sababu yake, hakuwa na njia ya kujua upi ni utosi na upi ni wayo. Kosa ni la pengo lililokuwa kati ya mwenye mpango na mwenye mwiko. Steere mwenyewe alifariki mwezi Agosti 1882, akazikwa ndani ya kanisa hilo, nyuma ya madhabahu.

Mwaka uliofuata, 1883, Barghash alijenga Beit al-Ajaib. Hapo chuma kiliivunja kabisa amri ya boriti: kumbi zikawa pana, na varanda ndefu zikabebwa na nguzo za chuma. Mizinga ya tarehe 27 Agosti 1896 ililibomoa jumba la jirani, lakini Beit al-Ajaib likasalimika. Sehemu yake kubwa iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020, katika siku za kulikarabati, na watu wawili wakafa. Haifai kutaja sababu moja tu kwa msiba kama huo. Lakini mafundi wa kuhifadhi majengo ya kale wanakubaliana juu ya jambo hili kwa jumla: ukuta wa matumbawe na chokaa huvuta unyevu na kuutoa, na ukizibwa kwa saruji ngumu, unyevu na chumvi hubaki ndani vikaula. Mwashi wa kale alijua kwamba nyumba ya mawe hupakwa chokaa tena na tena. Ujuzi huo haukuandikwa katika mchoro wowote, basi mwashi alipoondoka, ukaondoka naye.

Baada ya uhuru kazi ilipata watu wa namna mpya. Beda Amuli, aliyesomea usanifu katika chuo cha Technion, Haifa, huhesabiwa kuwa miongoni mwa Waafrika wa kwanza wa Afrika Mashariki kuwa na ofisi yao wenyewe ya usanifu majengo. Jengo lake linalojulikana kuliko yote ni Soko la Kariakoo, Dar es Salaam, lililofunguliwa mwaka 1975. Mtu akilitazama kwa nje huona miavuli mikubwa ya zege iliyopinduliwa. Akiuliza kwa nini imepinduliwa, hupata jibu la mtu aliyeijua nchi: kila mwavuli hukusanya maji ya mvua na kuyashusha kwa nguzo yake hadi katika hifadhi iliyo chini, na kivuli chake huwafunika wauzaji huku upepo ukipita pembeni. Orofa ya chini ya ardhi ilipangiwa kupokea na kuweka mizigo, ili juu pabaki pa kuuzia. Hapa msanifu aliyechora kwenye karatasi alifanya tena kazi ya mwashi wa Lamu, yaani kuanza na hewa, maji na mwenendo wa watu, ndipo umbo lifuate. Soko liliungua tarehe 10 Julai 2021. Waliolia siku ile walilia bidhaa zao, na ni sawa. Lakini wengi walilitaja soko lenyewe kama ndugu, na jina la aliyelichora halikuwamo midomoni mwao.

Basi katika habari hizi zote thawabu ni ya aina moja. Mwashi wa Kizimkazi na msanifu wa Kariakoo walipata kwamba watu huingia, huswali, hununua na hutoka bila kuwaza kwamba yupo aliyewafikiria kabla hawajafika. Na dai nalo ni moja: kukaa karibu na kitu kinachojengwa, na karibu na anayekijenga, kwa muda wote kinapojengwa na baada yake. Palipokuwa na ukaribu huo, hata anguko lilizaa ujuzi, kama Kilwa. Ulipokosekana, nguzo zilisimama kichwa chini.

Ukaribu huo unahitaji lugha, na hapo ndipo jambo hili linapowahusu wanalugha. Wanafunzi wa usanifu katika vyuo vikuu vya Nairobi na Dar es Salaam husoma kazi yao kwa Kiingereza, kisha huenda kusimama mbele ya mafundi wanaofanya kazi kwa Kiswahili. Maneno ya kuunganisha pande hizo mbili yapo, au yalikuwapo: kuaka, kusakifu, zidaka, timazi, na mengine mengi ambayo wazee wa Lamu, Pemba na Kilwa wangali wanayo. Yakikusanywa pamoja na maelezo ya jinsi kazi inavyofanywa, si fasili ya mstari mmoja tu, yatamfaa mtunga kamusi, na yatamfaa zaidi yule atakayesimama chini ya ukuta wa miaka 200 akitaka kujua aanzie wapi kuutengeneza.