Likizo bila gari nchi jirani: Uchague vipi mji wa kukaa?

Mtu anayesafiri nje ya nchi kwa mara ya kwanza mara nyingi hutaka kuona kila kitu. Leo yuko huku, kesho yuko kule, na akiba ya mwaka mzima inaishia kwenye nauli. Njia nyingine ni kuchagua mji mmoja, kukaa hapo wiki nzima, kutembea kwa miguu na kupanda magari ya abiria kama wenyeji. Mji huo ndio kituo chako. Ukiuchagua vizuri, utatumia nauli kidogo. Ukikosea, chumba cha bei nafuu kinaweza kukugharimu kuliko kile ulichokikimbia.

Makala hii inaeleza jinsi ya kuchagua, kwa mfano wa miji miwili ya pwani yetu: Mji Mkongwe wa Unguja, kwa msikilizaji anayetoka Kenya au Uganda, na Lamu, kwa anayetoka Tanzania au Uganda.

Kwa nini miji hii miwili?

Yote miwili ilijengwa kabla ya magari kuwepo. Vichochoro vyake ni vyembamba, na nyumba, maduka na misikiti vimekaribiana. UNESCO iliuweka Mji Mkongwe kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000, na mji wa kale wa Lamu mwaka 2001. Lamu mizigo bado hubebwa na punda na mikokoteni. Asiye na gari hapungukiwi na kitu.

Kituo kizuri kina nini?

Kwanza, mahitaji ya kila siku yawe karibu: soko, mahali pa kula, pa kusali na pa kupata tiba. Unguja, hospitali ya Mnazi Mmoja iko kando tu ya Mji Mkongwe. Lamu, hospitali ya King Fahd iko mjini.

Pili, pawe na usafiri wa kwenda na kurudi siku hiyo hiyo. Watu wengi huuliza gari la kwenda linaondoka saa ngapi. Swali linalookoa fedha ni gari la mwisho la kurudi linaondoka saa ngapi.

Tatu, uweze kufika mchana. Ukifika usiku mahali usipopajua, utalipa bei yoyote utakayotajiwa.

Unguja: mjini au ufukweni?

Boti ya kasi kutoka Dar es Salaam huchukua kama saa mbili hadi Unguja, na bandari iko jirani na Mji Mkongwe. Ukiwa na begi jepesi unaweza kutembea hadi nyumba ya wageni. Jioni watu hukusanyika Forodhani kula na kupunga upepo. Kutoka mjini, daladala huenda vijiji vya mashariki kama Jambiani na kaskazini hadi Nungwi. Msitu wa Jozani, wenye kima punju, pia uko kwenye njia ya kwenda kusini mashariki.

Wengine huchagua kulala ufukweni moja kwa moja. Si vibaya, lakini ujue unachochagua. Jambiani maji yakitoka, bahari hurudi nyuma sana, na utawaona akina mama wakilima mwani mahali ulipotaka kuogelea. Nungwi bahari hairudi mbali hivyo. Ukikaa kijijini na kila siku ukawa na shughuli mjini, nauli na muda vitakula likizo yako. Kwa safari ya kwanza, lala mjini, nenda ufukweni asubuhi na urudi kabla ya jioni.

Lamu: mjini au Shela?

Anayekwenda kwa barabara hufika Mokowe, upande wa bara, kisha huvuka kwa boti. Sehemu ya barabara ya Garsen hadi Lamu imewahi kushambuliwa na watu wenye silaha. Kwa hiyo uliza hali ya usalama kabla ya kukata tiketi, na safiri mchana tu.

Kijiji cha Shela kiko kama kilomita 3 kutoka mjini na kina ufukwe mrefu. Unaweza kwenda kwa miguu, lakini maji yakijaa njia ya kando ya bahari hupitika kwa shida, na huenda ukalazimika kulipa boti. Magofu ya Takwa, kisiwani Manda, nayo hufikiwa kwa boti maji yakiwa yamejaa. Kila asubuhi muulize mwenyeji wako maji yanajaa saa ngapi, kisha panga siku yako. Mjini Lamu kuna soko na vyakula vya bei ya wenyeji. Shela ni patulivu, lakini vitu vingi ni ghali zaidi.

Mpakani

Raia wa Kenya na Uganda huvuka kati ya nchi hizo mbili kwa kitambulisho cha taifa. Kwenda Tanzania au kutoka Tanzania, andaa pasipoti au hati ya muda ya kusafiria. Mara nyingi huulizwa cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Cheti hicho huanza kutumika siku 10 baada ya kuchomwa sindano, kwa hiyo usingoje wiki ya safari.

Angalia pia fedha. Kenya, Uganda na Tanzania zote zinatumia jina shilingi, lakini shilingi moja ya Kenya ni zaidi ya shilingi 15 za Tanzania. Ukitajiwa bei, hakikisha ni ya shilingi ipi.

Maswali ya kuuliza kwa simu kabla ya kulipa

Kutoka gatini au stendi hadi hapo ni mwendo wa dakika ngapi kwa miguu? Gari au boti ya mwisho ya kurudi ni saa ngapi? Naweza kupika? Swali hili ni muhimu mwezi wa Ramadhani, kwa kuwa mchana sehemu nyingi za kula hufungwa. Je, tarehe hizo kuna sherehe? Wakati wa Maulidi, kwa mfano, Lamu hujaa wageni.

Mwisho, chukua daftari. Andika bei ya chumba kwa siku zote, kisha ongeza nauli ya kila siku kutoka chumba hicho. Linganisha jumla ya mwisho, si bei ya chumba peke yake. Baada ya hesabu hiyo, chumba cha katikati ya mji kilichoonekana ghali kinaweza kuwa ndicho cha bei nafuu.