Kiraho, Kanzu ya Yusufu na Ushahidi wa Mazingira

Katika nchi ya Adu, kaskazini mwa mto Sabaki, ambako Wagiriama walienea mwishoni mwa karne ya 19, tendo lililofanyika pasipo jicho la mtu liliamuliwa kwa kiraho, yaani kiapo cha kumpima mshukiwa mbele ya wazee. Katika kiraho cha tsoka, shoka lilitiwa motoni hadi likaiva, likapitishwa kiganjani mwa mshukiwa, na malengelenge yakahesabiwa kuwa jawabu; katika kiraho cha papai, mshukiwa alilishwa kipande kilichonenewa maneno, na mwenye hatia akatarajiwa kuvimba.

Mjini Malindi kadhi alitanguliza mashahidi na yamini, ingawa wanazuoni waliijua pia karina, yaani dalili ya hali inayosema pasipo shahidi, na mfano wao mashuhuri ni kanzu ya Nabii Yusufu, ambayo kwa kuchanika nyuma ilimwonyesha kuwa alikuwa akikimbia, si akishambulia.

Waingereza walileta Sheria ya Ushahidi ya India ya 1872, iliyotumika Kenya hadi nchi ilipotunga yake mwaka 1963, na pamoja nayo ushahidi wa mazingira, ambao ni mambo madogo yanayounganishwa hadi yaelekeze kwa mtu mmoja. Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki, katika kesi ya Kipkering arap Koske ya 1949, ilishikilia kwamba mambo hayo sharti yasipatane kabisa na kutokuwa na hatia, wala yasielezeke kwa njia nyingine yoyote ya busara. Mwaka 1952 Baraza la Faragha la London, katika kesi ya Teper, lilitahadharisha kwa kisa cha Yusufu huyohuyo, ambaye kikombe chake kilipatikana katika gunia la nduguye, aliyekuwa hakuiba kitu; kanzu ilisema kweli, kikombe kikadanganya.

Wanaokiita kiraho ujinga mtupu husahau kwamba shauri lake kubwa lilikuwa uchawi, jambo lisiloacha kanzu wala kikombe. Hapo jaji hakuwa na cha kuunganisha, na Sheria ya Uchawi ya 1925 ikamgeukia mlalamikaji mwenyewe: kumwita mtu mchawi kukawa kosa, isipokuwa tuhuma ikipelekwa kwa chifu, polisi au mwenye mamlaka mwingine.